Kumhamisha Hemedi

Siku hizi programu ya biashara huongea kwa sauti ya mwenye duka, na mwenye duka akifa, serikali huifunga akaunti yake ya wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni inamokaa programu hiyo. Ndiyo maana Mwanahija alimwita fundi Nambua nyumbani kwake Korogwe, aihamishie kwenye akaunti yake mwenyewe Mwanahija programu ya duka la vitenge la marehemu mumewe, Hemedi. Tangu msiba, alikuwa akipika huku akiisikiliza ikiwajibu wateja.

Uhamisho ulikwenda salama. Spika ya mezani ikasema kwa sauti ileile, "Nimefika, mke wangu. Huku kuna nafasi."

Mwanahija alilia kwa furaha.

"Sasa dada, tuifute ile nakala ya zamani iliyobaki kwenye simu ya marehemu," alisema Nambua. "Bila hivyo akaunti haifungiki."

Kabla hajajibu, simu ya marehemu iliyokuwa kabatini ikamwita. "Mwanahija, mbona umenyamaza? Nani huyo anayeongea kama mimi?"

"Mfute tu," ilisema spika kwa upole. "Mimi niko hapa."

Nambua aliinamisha kichwa, akamsogezea kompyuta yenye kitufe cha kufuta. Mwanahija aliichukua simu, akaikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa.

"Hakuna mtu, mume wangu," alisema. "Ni redio tu."

Kisha akabonyeza.