Uchovu wa Zuberi

Sheria ya ligi ilitaka mchezaji asichoke; uchovu wake ulihamishiwa kwa ndugu mmoja wa nyumbani. Uchovu wa Zuberi, kiungo wa akiba, ulimwangukia dada yake, Mwanakombo, ambaye kila siku aliomba mdogo wake asitoke benchi.

Majirani walijaa barazani. "Msimu huu mabeki wetu chuma! Na huyu kijana akianzishwa, kombe letu!"

"Mungu awasikie," mama alijibu, akapiga kigelegele.

Zuberi akaingia jikoni akirukaruka kama mwanambuzi. "Dada, Jumamosi naanza! Dakika zote tisini!"

"Hongera," alisema Mwanakombo, akiserereka ukutani mpaka sakafuni.

Mama akachungulia. "Inuka, wageni wanangoja chai. Mbona Zuberi aliyekimbia tangu asubuhi hajakaa hata kidogo?"