Kidole chenye Wino

Kitu cha kwanza alichokiona Raya alipoingia wodini ni kidole gumba cha mkwewe, Bi Mashavu. Kilikuwa kimekwisha kupakwa wino, kinangoja karatasi ya idhini.

Daktari alieleza polepole. Valvu ya moyo imebana. Hawatampasua kifua, watapitisha mpya kwenye mshipa wa paja, na baada ya siku chache atarudi nyumbani. Bila hivyo, hamalizi mwaka.

Bi Mashavu hakusikia vizuri, kwa hiyo Raya aliinama kumrudishia maneno sikioni.

"Sema kwa nguvu, tasa we! Hata sauti huwezi kuzaa?"

Wauguzi walicheka. Raya akarudia.

"Muulize daktari, hiyo valvu imetengenezwa kwa kitu gani?"

"Utando wa moyo wa ng'ombe," alijibu daktari.

Raya aliinama tena, akakinga kiganja, mdomo wake ukagusa sikio la mkwewe. Alitia neno moja tu.

"Nguruwe."

Bi Mashavu aliuvuta mkono. "Astaghafirullah! Bora nife na moyo wangu safi." Akafuta kidole kwenye kanga ya Raya, akageukia ukutani.

"Vipi tena?" daktari aliuliza.

"Hataki."

Kesho yake, nyumbani, Raya aliifua kanga mara tatu na alama ya kidole haikutoka. Chumbani mkwewe alihema kama mtu anayepanda mlima. Raya aliiweka kanga chini, akasema kwa nguvu, kama alivyoamrishwa miaka yote:

"Ng'ombe, mama. Ilikuwa ya ng'ombe."