Kijani Juu ya Mwamba Mbichi

Bangili ya kazi ikiwaka kijani, lazima upande mwamba na wageni. Ukikataa, bomba la nyumbani kwako linajifunga siku tatu.

Asubuhi ile yangu iliwaka kijani. Nikachimba mchanga chini ya ufa wa mwamba mpaka kiwiko kikazama. Mkono ulitoka na unyevu. Mama alinifundisha hivyo kabla ya bangili: mchanga ukiwa mbichi, mwamba nao ni mbichi, na utameguka kama mkate. Tena juu, ndani ya ufa, kipanga alikuwa akiatamia.

"Ni kijani, Nakiru," alisema Lomuria, msimamizi wetu, wageni wake wakijifunga kamba. "Mashine imepima."

"Hata ndugu yangu Ewoi ilimpimia kijani. Tulimzika na kipande cha mwamba mkononi."

"Hayo ya kale."

"Ya kale kwako. Mimi huamka nayo."

Akacheka. "Basi wanao watakunywa kumbukumbu."

Nilijifunga vitambaa viganjani, wakadhani nimekubali. Nikaingiza ngumi zote mbili ndani ya ufa, nikazikaza, nikawapa mgongo. "Anayetaka kupanda aanze na mimi."

Wageni wakafungua kamba, mmoja mmoja.

Nyumbani bomba lilikuwa limeshajifunga, lakini sufuria zote zilijaa maji.

"Juzi mvua ilinyesha, mama," alisema binti yangu Akai. "Nikajua utakataa."

Aliponipa kikombe nikaiona bangili mpya mkononi mwake. Walikuwa wamewavisha watoto siku hiyo shuleni.

Sikunywa. Nilimwambia avae viatu, twende nikamfundishe kuchimba mchanga.