Mkono wa Kulia wa Lamduan

"Mzee wangu, nimeshakwambia wageni hawaingii. Nipe hilo shada nimpelekee," alisema mlinzi wa chuo cha udaktari cha Khon Kaen.

"Leo nalipeleka mwenyewe. Mimi ni mume wake, ati!"

Kwa ukaidi, Bunmi hana mpinzani. Aliketi ukingoni mwa barabara, shada la yasmini mapajani, jua likimchoma utosini. Huu ulikuwa mwaka wa pili tangu Lamduan aje kufundisha hapa, na nyumba ilikuwa imemshinda. Wali alipika wa mtu mmoja na bado ulibaki.

Mkewe alikuwa amejiandikisha chuoni bila kumwambia. Gari lilipokuja kumchukua, hakugeuka hata kumtazama. Hayo Bunmi aliyameza. Kilichomkaa kooni ni mkono. Wiki zile za mwisho Lamduan alikuwa akiangusha mabakuli ovyo, na Bunmi akadhani ni hasira. Kisha jioni moja, barazani, Bunmi aliushika mkono wa kulia wa mkewe, na vidole havikumjibu. Amenichoka, alijiambia, na upweke ukamwingia kabla hata hajabaki peke yake.

Adhuhuri akatoka Ratchani, mwanafunzi wa Lamduan. Aliunganisha viganja, akainama.

"Babu, umekula?"

"Achana na kula. Mwalimu wako bado mkali?"

"Hajatukaripia hata siku moja. Tunakosea, anatuvumilia."

"Basi mimi ndiye niliyemuudhi. Lile swali langu la mkono, je?"

"Wiki hii ametuonyesha mwenyewe." Ratchani aligusa shingo yake, juu kidogo ya bega. "Ana uvimbe hapa. Umebana mishipa ya fahamu iendayo mkononi. Kichwa kinatoa amri, amri inashuka, ikifika hapa inakwama. Na msuli usipopata amri haujikunji, hata mtu atake vipi."

"Kwa hiyo hakunikataa?"

"Mkono ndio uliokataa, babu. Si yeye."

Bunmi alilia pale pale barabarani, watu wakipita na pikipiki zao.

"Nipeleke nikamshike," alisema.

"Subiri Jumamosi, babu. Masomo yamekwisha, na mwili aliotuachia tujifunzie tumeshaushona kila mahali tulipoukata. Tutambeba wenyewe hadi hekaluni, na kabla hatujawasha moto wa mazishi, utamshika."