Mnyonya Damu Saa ya Sala

"Lete hicho!" Shangazi Fuatino alimpokonya Leitu kitabu kabla hajakisukuma chini ya mkeka.

Angekificha wapi, hata hivyo? Nyumba zetu huku kisiwani Savai'i ni nguzo na paa tu, hazina kuta. Tangu baragumu la sala lilie, Fuatino alikuwa akimchungulia kutoka ng'ambo ya ua. Alimwona akisoma zaburi moja mbiombio, kisha akatoa kitabu kingine na kukiinamia, midomo ikimchezacheza. Kutembeatembea saa ya sala ni kosa kijijini kwetu, lakini umbea hauna adabu. Alikuja mbio.

Akaligeuza jalada. Kijana kifua wazi, meno kama ya mbwa, kamkumbatia binti.

"Mnyonya damu! Msichana mzima, kazi yako kusoma majini yanayobusu watu! Tena ubavuni mwa bibi yako, mgonjwa!"

"Shangazi, mimi..."

"Koma! Eti vijana wa siku hizi mnasoma. Mnasoma nini? Makapi!"

Asemaye hayo, tangu aache shule hajafungua kitabu ila cha nyimbo za kanisani, na hicho nacho nimewahi kumwona kakishika kichwa chini.

Wiki iliyofuata Leitu alikuwa aende mjini Apia, kwenye shule aliyoililia mwaka mzima. Binti yake Fuatino aliikosa nafasi hiyohiyo, na roho ilikuwa bado inamuuma mama mtu.

"Apia uisahau," alisema. "Kama hapa unasoma uchafu huu, huko si utauishi? Bibi yako ataamua, na ataamua leo."

Leitu akaangua kilio. "Kichome tu, shangazi. Nakuomba, usimwaibishe bibi."

"Ala! Nani aliyemwaibisha, mimi au wewe?"

Baragumu la pili, la kufunga sala, lilipolia, Fuatino akaita ndugu wa nyumba zote waje kusikia. Ndiyo raha yake, mtoto wa mwenzake aumbuke mbele za watu.

Bibi Salaevalu alikuwa amelala kwenye mkeka wake, kawapa mgongo. Mtoto wa jicho alishamnyima kusoma, lakini neno lake katika ukoo halikuwa na rufaa. Fuatino akaketi, akakunja miguu kwa heshima, sauti ikageuka asali.

"Mama, utuwie radhi. Mjukuu wako anasoma mapenzi ya wanyonya damu hapahapa ulipolala. Tumfanyeje?"

Leitu alijiinamia, machozi yanamdondoka mapajani.

Bibi akajigeuza polepole. Akanyoosha mkono, akakipapasa kitabu mikononi mwa Fuatino, akakichukua na kumpa Leitu.

"Endelea, mjukuu wangu," alisema. "Na ukiruka tena, usinisomee pale wanapobusiana, Apia huendi."