Nywila Mpya

"Kompyuta yako imezeeka," alisema Kilango, akizibonyeza batani kwa mikogo ya fundi mkubwa. Usaili wa mkewe, Tunu, wa kazi ya mtandaoni, ulibakiza dakika kumi kuanza, na kompyuta bado ilikataa nywila ya intaneti ya nyumbani. Kilango aliizima, akaiwasha, akaizima tena.

"Halafu kazi zenyewe hizi za mtandaoni ni utapeli mtupu."

Mara simu yake ikalia mezani. Rafiki yake alikuwa amemtumia video; Kilango akaifungua, nayo ikaanza kucheza. Tunu akaduwaa. Bando la mumewe lilikwisha tangu jana, kwa hiyo simu ile ilikuwa inatumia intaneti ya nyumbani.

"Umebadilisha nywila lini?"

Kilango akachekacheka. "Nilitaka kukwambia."

Tunu alimtazama mtu mzima yule, mwenye mvi na kitambi, aliyehangaika nusu saa kutengeneza alichokiharibu mwenyewe. Hakuona hata sababu ya kugombana naye, wala ya kumwomba hiyo nywila mpya. Alifunga kompyuta, akaikwapua, akaenda nyumba ya pili.

"Hodi, Mama Zawose! Naomba unipe intaneti."

"Karibu, mwanangu. Kaa hapa penye mwanga."

Uso wa msaili wa kwanza ulipotokea kwenye skrini, Tunu alikuwa bado anatweta. Akanyoosha kola, akasema, "Habari za asubuhi."