Kipande Kilichozidi

Daktari Ileana alizungusha gurudumu la hadubini mara ya tatu. Kipande kile hakikuondoka.

Vingine vyote kwenye kioo cha sampuli hata mwanafunzi angevisoma: utando wa ndani wa mfuko wa uzazi wa mwanamke kijana, tezi zimejipinda, na chini ya kiini cha kila seli tone jeupe, yote yamejipanga sawasawa. Siku ya kumi na saba ya mzunguko wake wa hedhi, bila ubishi. Lakini pembeni, juu kidogo ya vingine, palikuwa na kipande ambacho tezi zake zimebanana na viini vimekuwa vikubwa, vyeusi. Saratani.

Kioo kilikuwa cha Yamilka, mwalimu wa miaka ishirini na tisa, aliyekuja kujua kwa nini hashiki mimba. Daktari wa upasuaji alitaka jibu kabla ya saa nane. Jibu likiwa hilo, mfuko wote ungetolewa.

"Siku ya ngapi?" aliuliza Zoraida, fundi aliyekata sampuli zote za hospitali ile ya Camagüey, Kuba, kwa miaka thelathini. Alikuwa amefunga sweta kiunoni, na joto lote lile.

"Kumi na saba."

"Hongera zake. Kalenda yangu mimi ilishafungwa mwaka wa sita huu."

Ileana hakucheka. "Mama Zoraida, jana ulisafisha maji?"

Kila mkato mwembamba wa sampuli huelea kwanza kwenye beseni la maji ya vuguvugu kabla ya kunaswa na kioo. Chembe ya mgonjwa mmoja ikibaki humo, hupanda kioo cha mwingine.

Siku nyingine swali hilo lingemkasirisha Zoraida. Leo alifuta tu meza iliyokuwa safi.

Daftari la jana lilikuwa na wagonjwa saba. Ileana alivisoma upya vioo vya wote, kahawa ikimpolea kikombeni, na wale sita wengine hawakuwa na saratani. Sampuli ya Yamilka, ndogo kama punje ya mchele, ilikuwa imekwisha; hapakubaki cha kukata tena. Saa saba na nusu akavuta karatasi ya majibu, roho ikimuuma, akaanza kuandika jina la binti wa watu.

"Weka kalamu chini, mwanangu," Zoraida alisema. "Sikusafisha. Mawazo yangu hayakuwa hapa." Akatoa mfukoni kioo kisicho na namba. "Kulikuwa na wa nane."

Ileana akakitia chini ya hadubini. Tezi zilezile zilizobanana, viini vilevile vyeusi. Alishusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akamkumbatia mzee wa watu kwa furaha.

"Umemwokoa! Mungu wangu, umemwokoa! Haya, na huyu wa nane ni nani? Mbona hukumwandika?"

Zoraida alichomoa penseli sikioni, akakivuta kioo, na pembeni mwake akaandika jina lake mwenyewe.